Jiwe Ambalo Bhoke Hakutaka Kulivunja

Bhoke Wambura alianza kuponda mawe ya dhahabu akiwa na miaka ishirini na minne, kwenye machimbo madogo ya Butiama. Shule aliishia darasa la nne, lakini wachimbaji waliliamini jicho lake. Alishika jiwe kiganjani, akalipima uzito, akalitemea mate kidogo ili rangi itokeze, kisha akasema kama lina kitu au ni la kutupa.

Kiangazi cha mwaka juzi alikwenda Bunda kumsaidia dada yake Marieta, aliyevunjika mguu. Siku moja, akirudisha ng'ombe, alikuta jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi juu ya udongo wa mbuga uliopasukapasuka. Alishangaa. Mbuga ile haina mawe. Unaweza kutembea tangu asubuhi usikanyage hata kokoto. Alipolinyanyua lilikuwa zito kuliko alivyotegemea, na ngozi yake nyembamba ilifanana na masizi yaliyoganda.

"Nimeshikaga mawe ya kila aina," alimwambia Marieta. "Hili silijui."

Baada ya wiki mbili alilipeleka Mwisenge, Musoma, kwa Nicolaus, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyezoea kuonyeshwa mawe na wachimbaji. Nicolaus alilisogezea sumaku iliyofungwa uzi, ikavutwa. Akalisugua kwenye mgongo wa kigae, halikuacha mstari kama yaachavyo mawe ya kawaida yenye chuma. Akapiga tupa pembe moja, vikatokea vidoa vya chuma vikimeta ndani ya mwamba wa kijivu.

"Mama, hili nadhani limetoka angani," alisema. "Kimondo. Kile cha Mbozi ni chuma kitupu. Hiki ni cha mawe. Lakini nadhani tu. Ili tujue ni cha kundi gani, lazima kikatwe, kipande kiende maabara."

Bhoke alilifunga jiwe kwenye khanga, akaaga. Miaka yote alikuwa akivunja mawe kwa ajili ya kilichomo ndani, na kila mara kilichobaki kilikuwa unga. Hili alitaka libaki zima.

Alikaa nalo miezi mitatu. Siku moja mchimbaji mmoja alimletea jiwe, Bhoke akalitazama, akasema ni la kutupa. Yule bwana akalitupa palepale bila kubisha. Bhoke akawaza: mimi natoa hukumu juu ya mawe ya watu, na langu naogopa kulisikia likihukumiwa. Kesho yake akarudi Musoma.

"Wakate kidogo, mwalimu. Na iwe kwa msumeno, siyo nyundo."

Majibu yalichukua miezi saba. Nicolaus alimsomea polepole: kimondo cha mawe, kundi L, lile lenye chuma kidogo, daraja la tano, maana jiwe liliwahi kupata joto kali huko lilikotoka. Umri wake ulizidi miaka bilioni nne. Picha ya kipande ilionyesha vijiduara vidogo, matone ya mwamba yaliyoganda kabla dunia haijawa dunia.

"Ila ni aina inayoanguka mara nyingi," Nicolaus aliongeza kwa upole. "Ni la kawaida tu, mama."

Bhoke aliendelea kuitazama ile picha. "Yanaangukaga moja moja tu?"

"Mara nyingine hupasuka juu, yakaanguka mengi."

Jumamosi iliyofuata alipanda gari la Bunda. Alizunguka mbuga ile siku mbili, macho chini, na Marieta akimfuata nyuma kwa fimbo. Hawakupata lingine.