Seredani Bandani

Banda la sungura nililijenga kwa mikono yangu, nyuma ya nyumba, hapa Ibra, bara ya Maskati. Mbao chini, mabati juu, kila ufa nimeuziba kwa silikoni. Mimi shule nimekaa kidogo, lakini duka la matairi la njia ya Sur limenisomeshea watoto, na kitu nilichokipigilia msumari hakitikisiki. Mke wangu alitaka sungura wake wasipigwe na upepo wa shita, msimu wa baridi, maana baridi ya huku si ile ya Unguja ya kujitanda kanga ikaisha. Huku asubuhi maji ya ndoo yanauma meno. Nikamwambia, upepo hautapita. Haukupita.

Tundu moja tu liliachwa karibu na paa, na alinilazimisha yeye kulitoboa. "Na wao wanapumua," alisema. "Si matairi hao."

Alikufa kabla joto halijaisha. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Sikulia. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliswali, nikala, nikawapa sungura majani. Shita ilipoingia, binti yangu akapiga simu kutoka Maskati.

"Baba, wagawe hao sungura, uje ukae na sisi."

"Wana mimba."

"Na dume pia?"

Akacheka kidogo, nikangoja amalize. Tukakubaliana: nikiwavusha shita, asinitajie tena habari ya kuhama. Wakifa, nitafunga nyumba nimfuate.

Basi kila jioni nikawa nawatandikia majani makavu, nashusha blanketi kuukuu juu ya vizimba, naangalia lile tundu. Sikuwa na raha nayo kazi ile, wala sikuichukia. Mikono ilijua.

Jike akazaa baridi ilipokaza. Vitoto vyekundu, havina unyoya, vimefumba macho. Siku hiyohiyo dada yangu mkubwa akafika kutoka Nizwa kuchukua nguo za marehemu, azitoe sadaka. Sanduku la nguo nilikuwa sijalifungua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

"Kuna mzazi bandani," nikasema.

Akanifuata kutazama. Dada yangu ndiye aliyewakanda wazazi wote wa ukoo wetu, tangu Unguja. Kwetu mzazi hukaa ndani arubaini nzima, mlango umefungwa, seredani ya makaa chini ya kitanda, joto limpande mgongoni. Akasimama mbele ya kizimba, mikono kiunoni.

"Mzazi analazwa baridini namna hii? Seredani yake iko wapi?"

"Sungura huyo, dada."

"Kwani sungura hana mgongo?"

"Makaa usitie humu. Banda limezibwa."

"Weye umezaa mara ngapi?"

Nikaenda msikitini kuswali Alasiri.

Niliporudi nikakuta mlango wa banda umekomewa, na lile tundu limeshindiliwa kitambaa. Nikafungua. Seredani inawaka vizuri kabisa chini ya kizimba cha mzazi. Dume kalala ubavu, shingo imepinda. Jike anahema kwa mdomo. Nikaitoa seredani nje kwa mikono mitupu. Niliungua, ila maumivu yalikuja baadaye, kama ya mtu mwingine. Dada akatoka jikoni na bakuli la uji wa pilipili manga, uji wa mzazi, akasimama nalo.

"Mie nilidhani..." akasema.

"Najua."

Dume alikuwa ameshakufa. Jike tukamlaza nje penye hewa, na baada ya muda akainua kichwa, akakaa. Lakini kwenye kiota alikataa kurudi, na vitoto vikaanza kupoa. Dada akavitia vyote kifuani mwake, ndani ya nguo, akakaa chini ukutani.

"Vinataka kanga," akasema bila kunitazama. "Si mpya. Mpya ina dondo, ngumu kwa wanga, haishiki joto. Iliyofuliwa mpaka ikachoka."

Nikaenda chumbani nikalifungua sanduku. Kanga za marehemu za kushindia zilikuwa juu, zimekunjwa, zina harufu ya udi. Nikasimama nione kama kuna kitu kitanijia. Hakikuja. Nikachukua iliyochakaa kuliko zote. Dada akaichana, tukaitandika kiotani pamoja na manyoya aliyojing'oa mama yao, na vitoto vilipoanza kufurukuta kifuani mwake tukavirudisha. Jike naye akarudi. Tundu nikalizibua.

Uji tukaunywa sisi, mimi na dada. Ulikuwa mkali.

Asubuhi nikatia mkono kiotani. Vya moto vyote, matumbo yamejaa maziwa. Nikampigia binti yangu.

"Dume amekufa," nikamwambia. "Wengine wapo."

Alikuwa anapima, nadhani, kama hiyo ni kuvuka au si kuvuka.

"Na wewe, baba?"

"Nipo."

"Haya. Basi kaa."

Sanduku lilikuwa bado wazi. Dada akazitia nguo kwenye mfuko mkubwa, moja moja, sikumzuia. Alipoondoka nikakuta kanga moja ya marehemu, ya zamani, imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa banda. Sikuuliza. Shita ilikuwa haijaisha, na kile kiota kingetaka kubadilishwa. Nikaichana.