Maji ya Odeta

Mke mwenzangu alikuwa na miguu minne na mkia, jina lake Odeta. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini mwaka ule wa hamsini na nane, mume wangu Mbaruku alipoanza kuamka kabla ya adhana, anaoga, anapaka mafuta, anatoka mbio kuelekea Igogo, sikucheka hata kidogo. Akirudi, salamu ya kwanza ni hiyo: "Odeta hajambo leo, amekula vizuri." Mimi kichwa kinaniuma tangu asubuhi, wala haulizi.

Mbaruku alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Mwanza nzima masaisi hawakufika watano, maana farasi wenyewe ulikuwa unawahesabu kwa vidole. Kazi aliijulia Nairobi akiwa kijana, kwenye mabanda ya farasi wa mbio, kisha akaja huku na mzungu mmoja mwenye kinu cha kuchambulia pamba, ambaye mtaani tulimwita Bwana Kinu. Mume wangu alikuwa mfupi, ana matege, na mbele ya mnyama hakuwahi kupandisha sauti. Mbele yangu aliipandisha, tena sana tu, nami nikampandishia yangu.

Siku Odeta alipofika kwa meli kutoka Kisumu, nilikuwepo bandarini. Walimfunga mikanda chini ya tumbo, winchi ikamnyanyua, tukamwona ananing'inia juu ya vichwa vya watu, miguu inatafuta ardhi. Alikuwa wa rangi ya kahawia nyekundu, na doa jeupe usoni. Mama mmoja muuza dagaa alisema, "Masikini, na yeye kaletwa asikokujua." Mbaruku akamshika shingo kwa mikono miwili, akamnong'oneza maneno sikioni. Mwaka mzima wa ndoa hakuwahi kuninong'oneza mimi chochote!

Sasa mjue na hili. Farasi wa mbio hana tofauti na mtoto wa sultani, ana karatasi ya ukoo. Mbaruku hakujua kusoma, lakini alimwomba karani wa kinu amsomee ile karatasi, akaishika yote kichwani. Jioni anakaa barazani kwetu Mirongo, anawasomea majirani: "Baba yake Simba wa Dhahabu, aliyeletwa Mombasa kwa meli kutoka Uingereza. Mama yake Lulu, mzaliwa wa Naivasha, aliyeshinda Nairobi mara tatu. Bibi mzaa mama, Nyota, hakuwahi kupitwa kwenye tope." Anakwenda hivyo hadi kizazi cha saba.

Jirani yetu Mihayo, Msukuma wa Buhongwa aliyekuwa fundi baiskeli, alimsikiliza siku moja akasema, "Sisi kwetu ng'ombe tunamjua mama yake na bibi yake. Lakini vizazi saba, bwana, umezidi. Haya, wewe mwenyewe babu yako wa tatu anaitwa nani?"

Watu wakacheka. Mbaruku hakucheka. Babu yake aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, amefungwa kwenye msafara wa pembe za ndovu, na jina alilopewa na mama yake lilipotea njiani. Usiku huo hakula. Kesho yake akaniambia, "Yeye ana karatasi, Mwaija. Mimi sina. Angalau nishike yake." Tangu siku hiyo sikumwita tena Odeta mke mwenzangu kwa hasira, nilimwita kwa utani tu.

Tena mimi ndiye niliyemwokoa, ingawa sifa walipewa wengine. Wiki ile ya kwanza Odeta aligoma kunywa. Maji ya ziwa aliyanusa, akageuza kichwa. Wakamletea ya mvua, akageuza kichwa. Siku ya pili macho yakaanza kuingia ndani, Mbaruku analia waziwazi. Nikawaambia, "Hebu niacheni na mimi nijaribu." Nikatia ubani kwenye chetezo, nikaufunika mtungi wangu juu ya moshi kama mama alivyonifundisha, kisha nikautia maji. Nikabeba kichwani hadi bandani Igogo. Odeta akanusa, akatumbukiza midomo, akanywa mpaka nikasikia maji yanashuka kooni, kwa, kwa, kwa. Nilimpenda hapo hapo, sitawaficha.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu kila siku, kufukiza mtungi wa Odeta. Ila wanaume, jamani! Mbaruku akawa anatangaza mjini kote kwamba farasi wake hanywi ila mkononi mwake. Nilimwacha ajisifu. Mume ni wako, ukimvunjia heshima unajivunjia mwenyewe. Na majigambo hayo ndiyo yaliyotaka kuniponza.

Mwaka wa sitini na moja ukafika. Mji umejaa habari za bendera mpya, mafundi cherehani hawalali. Bwana Kinu akauza kinu chake na kutangaza kwamba anarudi kwao Ulaya. Akamwita Mbaruku bandani akamwambia, "Odeta hawezi kwenda Ulaya. Kuna tajiri wa Nairobi atakuja kumwangalia kwenye Kombe la Ziwa. Akishinda, atamnunua. Asiposhinda, nitampiga risasi mimi mwenyewe, simwachi aje kuvutishwa mkokoteni." Kisha akaongeza, "Nimemwambia hanywi ila kwako. Kwa hiyo akimchukua yeye, na wewe anakuchukua."

Mbaruku alirudi nyumbani uso unang'aa. Nairobi! Mabanda ya farasi mia, uwanja wenye majani kama zulia. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza kushika baada ya miaka minne ya kusemwa na watu. Mama yangu kipofu alikuwa chumba cha pili, hana mtoto mwingine ila mimi. Sikuwa wa kwenda popote. Na baba yangu, wanangu, alipanda meli ya Kisumu mimi nina miaka sita, akasema anakwenda kutafuta kazi miezi mitatu. Mpaka leo namsubiri.

"Nitarudi kila mwaka," Mbaruku akasema.

"Ndivyo walivyosema wote," nikamjibu, nikaingia ndani kumlilia mama.

Odeta akishindwa, anakufa. Akishinda, ananichukulia mume. Niambieni, mtu aombe dua gani hapo?

Mihayo alikuwa na hesabu zake za mbio. Alisema tumwangalie Radi, farasi mweusi wa Arusha, miguu mirefu, ameshinda miaka miwili mfululizo. Kisha yule wa kijivu wa Kisumu, mwepesi lakini mwoga wa kelele. "Odeta ana umri wa miaka sita," alisema, "na hewa ya ziwa ni nzito." Mbaruku akamjibu, "Vuli imenyesha wiki nzima. Radi kazoea pakavu. Huyu nimemkimbiza mchangani kando ya ziwa miaka mitatu. Na bibi yake Nyota je, umemsahau?"

Mbio zilikuwa Jumamosi, wiki mbili kabla ya bendera, kwenye mbuga ya njia ya Buhongwa. Mimi na mtungi wangu nilipanda gari la pamba. Kanuni ya Mbaruku ilikuwa moja: siku ya mbio, baada ya saa nne Odeta hanywi, analoweshwa midomo tu, maana tumbo la maji halikimbii. Saa nane mbio zinaanza, saa saba na nusu Mbaruku akaitwa na mpanda farasi, nikabaki peke yangu na Odeta na mtungi uliojaa.

Jua lilikuwa kali. Akaniletea pua kifuani, ananisukuma, anaomba. Shetani akaniambia: Mpe, Mwaija. Mpe mtungi wote. Mbaruku atabaki. Nikachota kata moja imejaa, nikaiinua. Akanitazama kwa jicho lile kubwa, nikajiona nimo ndani yake na tumbo langu. Nikamwaga chini. Nikachovya ncha ya khanga, nikamlowesha midomo, nikalia kama mjinga.

Akashinda! Radi aliteleza kwenye kona ya pili, wa Kisumu akashtushwa na ngoma za Wasukuma, na mjukuu wa Nyota akapasua tope mpaka mwisho. Mihayo, aliyemponda wiki nzima, alirusha kofia juu na haikuonekana tena. Mbaruku alikuwa anasoma ukoo kwa sauti, kizazi baada ya kizazi, machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku alipozaliwa mtoto wetu, Mungu anisamehe.

Meli ilikuwa Jumatatu. Jumapili Mbaruku alikwenda kuaga watu. Nikavaa buibui, nikaenda bandani Igogo. Nilimkuta saisi wa yule tajiri, Mnubi wa Kibera anayeitwa Abeid, ameshika ndoo, amekata tamaa. Odeta alikuwa amemgeuzia kichwa.

"Kaka Abeid," nikamwambia, "leta mkaa."

Nikamwonyesha. Tukaifukiza ndoo yake vizuri, tukatia maji, akainua mwenyewe kwa mkono wake. Odeta akanywa. Nikafungua pindo la khanga, nikampa ubani. "Usimwambie mume wangu," nikasema. "Nina mtoto tumboni." Akaitikia kwa kichwa, maana Wanubi ni watu wa heshima.

Jumatatu bandarini, Mbaruku ana sanduku lake la bati na kanzu mpya. Yule tajiri akamuuliza Abeid, "Anakunywa kwako?" Abeid akainua ndoo mbele ya watu wote, harufu ya ubani ikatufikia, Odeta akanywa mpaka chini. "Basi," tajiri akasema, "ninao masaisi wa kutosha." Akampa Mbaruku mkono, akapanda meli. Mume wangu alisimama na sanduku lake mpaka meli ikawa kitu kidogo, kisha ikawa hakuna. Nilimchukulia sanduku. Uzito wake ninausikia mpaka leo begani.

Mwezi mzima alishinda barazani. Halafu akapata kazi kwa Mihayo, akajifunza baiskeli, akazipiga brashi kama farasi. Tukazaa Zakia, kisha wengine watatu. Mimi ubani sikuchoma tena, nikisikia harufu yake moyo unanipasuka. Mwaka wa pili, Mbaruku alirudi kutoka sokoni na kifurushi cha karatasi, akakiweka juu ya kifuniko cha mtungi. "Maji bila moshi hayana ladha," alisema, akaenda zake msikitini. Tangu hapo ikawa kila mwezi analeta, nami nafukiza, na hakuna kati yetu aliyesema neno.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, miaka thelathini na nne baadaye, aliniomba maji. Ilikuwa baada ya alasiri, wajukuu wako nje wanacheza. Nikamfukizia mtungi, nikamnyanyua kichwa, akanywa kidogo kidogo. Kisha akanitazama.

"Mwaija. Yule Abeid, ulimpa ubani kiasi gani?"

Nikaiweka kata chini. Miaka yote hiyo! Nikasema, "Nusu. Nusu nilibakiza."

Akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Ungempa wote," akasema. "Nairobi ni mbali."