Siku Yeyo Alipoonja Nguru

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku samaki wa baharini alipoingia kwa mara ya kwanza jikoni kwangu hapa Sokon I. Nilikuwa nimejifungua Neema, na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Yeyo, alikuwa ameshuka kutoka magharibi ya Mlima Meru kuja kunilea uzazi. Kwao wanafuga, samaki hawakuwahi kumpika. Asubuhi hiyo mama yangu mzazi, aliyekuwa Tanga, alinitumia kwa basi nguru mzima kwenye boksi la barafu, zawadi ya mjukuu.

Yeyo alifunua boksi, akarudi nyuma.

"Mama Neema, huyu si nyoka?"

"Ni nguru, Yeyo. Samaki."

"Nikisikia harufu yake humu ndani, narudi kwangu leo leo."

Nikachanganyikiwa. Nikimtupa, nimemdharau mama yangu. Nikimpika, Yeyo anaondoka, na ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto. Jirani akaninong'oneza nimchambue, nimchanganye na nyama, Yeyo asijue. Nikakataa. Mtu anayekulea humlishi kwa hila.

Nikamwendea Yeyo mwenyewe, nikamwambia samaki yule ni upendo wa mama yangu. Akafikiri. "Basi mpike nje. Mimi nitakula nyama yangu."

Nikawasha jiko la mkaa uani. Vipande nikavipaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, nikavikaanga kidogo, kisha nikavitia kwenye tui zito lenye nyanya na bizari. Hapo usiwe na haraka, mwanangu. Moto ukizidi, tui linakatika.

Yeyo akatoka na kigoda chake, akaketi mbali. Baadaye akasogea. Akasogea tena.

"Hebu huo mchuzi tu," akasema.

Akachovya tonge la ugali. Akachovya la pili, kisha akanyoosha sahani. "Sasa nipe na huyo nyoka."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Jioni akampigia mama yangu simu: "Mkwe, mwingine anakuja lini?"

Basi wewe unayekwenda kuanza nyumba yako, usiwafiche wakwe zako ulikotoka, wala usiwalazimishe kupenda unachopenda. Sema ukweli kwa heshima, pika vizuri, halafu mwache mtu asogee mwenyewe. Mungu akujalie nyumba yenye kicheko, na watoto wako wale sahani moja na bibi zao wote wawili.