Delphia Cogar na Sheria ya Mwaka Huu

Saa moja na nusu asubuhi, Delphia Cogar anapasua sanduku la kwanza kwa kisu cha kumenyea viazi. Ndani yake zimo nyongeza za sheria za mwaka huu, vijitabu vyembamba vilivyofungwa kumi kumi, na harufu ya wino inajaa chumba cha sheria cha mahakama ya Kaunti ya Laurel Fork, West Virginia.

Upande wa pili wa meza ameketi Okey Hamrick, mchimba makaa mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na minane. Mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Hajaajiriwa na mtu. Amekuja kumkagua Delphia.

"Kitabu cha kumi na saba. Barabara na magari," anasema Delphia. Anafungua jalada la nyuma, anachomoa nyongeza ya mwaka jana kutoka kwenye kimfuko kilicho ndani ya jalada hilo, anaitupa kikapuni, anachomeka mpya, kisha anakisukuma kitabu kizima ng'ambo ya meza.

Okey anakipokea, anasoma namba, anasoma tarehe. "Mwaka huu," anasema.

"Mwaka huu," anajibu Delphia, na kutia alama kwenye daftari.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mbona sijasikia kalamu?"

"Masikio uliyaacha mgodini, Okey. Usiisingizie kalamu yangu."

Wamefanya hivi kila Agosti kwa miaka kumi na minne, na vitabu ni mia moja na themanini na viwili.

Kila majira ya baridi wabunge wa jimbo hukutana Charleston, mji mkuu, kwa siku sitini, wakabadili hiki, wakafuta kile, wakaongeza kingine. Hakuna idara ya maisha wasiyoigusa: watoto, wosia, ardhi, kazi, nyumba za kupanga, migodi, uwindaji wa kulungu. Wakishamaliza, wao hurudi makwao. Mabadiliko hubaki yakimsubiri mtu wa kuyachomeka mahali pake.

Huko Laurel Fork mtu huyo ni Delphia, mwenye miaka sitini na minne. Hufanya kazi saa ishirini na mbili kwa wiki, kwa dola kumi na tatu na senti arobaini kwa saa. Hana shahada ya sheria. Alianza kama mpiga chapa wa mahakama mwaka ule mumewe alipovunjika mgongo kwenye kiwanda cha mbao, na hajatoka tena katika jengo hilo.

"Watu wanadhani sheria ni jiwe," anasema. "Wapi! Sheria ni maziwa. Kabla hujanywa, tazama tarehe."

Akishamaliza kuchomeka, huandaa karatasi moja tu, mbele na nyuma, yenye kichwa *Yaliyobadilika*. Humo huorodhesha kila sheria iliyoguswa mwaka huo, namba ya kitabu na ukurasa wake, kwa maneno ambayo mtu aliyeishia darasa la nane anaweza kuyasoma. Huibandika kwenye mlango wa mahakama, kwenye duka la malisho ya mifugo, na kwenye kituo cha wazimamoto wa kujitolea, jirani kabisa na tangazo la mlo wa maharage na mkate wa mahindi.

Hata Thurman Pyles, mmoja wa mawakili wawili waliobaki kaunti nzima, huja kuichukua kabla haijabandikwa. "Nina miaka sabini na tisa," anasema bila haya. "Siwezi kukubali wateja wangu waijue sheria kabla yangu. Wakishaijua, wananiuliza maswali."

Kitu kimoja ambacho Delphia hakifanyi ni kumwambia mtu sheria ina maana gani. Hiyo ni kazi ya mawakili, na amekatazwa. "Nasema ilipo na nasema ni ya lini," anaeleza. "Basi. Lakini ukikosea hayo mawili, mengine yote ni bure."

Analisema hilo taratibu, akimtazama Okey. Okey anatazama kitabu.

Wiki hii wana haraka kidogo, na haraka si desturi yao. Jumatano, Baraza la Kaunti litapiga kura kuamua kama chumba hiki kifungwe. Pendekezo ni kiwe ghala la mashine za kupigia kura, na kaunti iache kabisa kununua nyongeza. Likipita, masanduku haya yatakuwa ya mwisho, na vitabu vitabaki hivi vilivyo mpaka vichakae.

Mwaka jana watu mia sita na kumi na wawili walitia sahihi kwenye daftari la wageni wa chumba hiki. Zaidi ya mia tano hawakuwa na wakili. Ni bibi anayelea wajukuu, mpangaji aliyepewa barua, mjane mwenye wosia ulioandikwa nyuma ya risiti. Ni kwa ajili ya watu hao Delphia anapigana, na wanaomfahamu wanajua pia kwamba anapigana kwa sababu ya mtu mmoja.

Miaka kumi na mitano iliyopita, jaji alitoa amri kwamba Tressa, mjukuu wa Okey aliyekuwa na miaka mitano, alelewe na familia ya kaunti nyingine. Mama yake alikuwa amezama kwenye vidonge vya kulevya. Okey na marehemu mkewe walitaka kukata rufaa, na wakili hawakuwa naye. Okey alishuka mjini, akaingia chumba hiki, akafungua kitabu cha arobaini na tisa, akasoma kwamba ana siku sitini. Akanukuu kwenye kiganja chake.

Alileta karatasi zake siku ya arobaini na moja, zimekunjwa vizuri, moyo umetulia. Karani akamwambia amechelewa kwa siku kumi na moja. Sheria ilikuwa imebadilika majira yale ya baridi. Siku zilikuwa thelathini.

Nyongeza mpya ilikuwa imefika. Delphia mwenyewe ndiye aliyeichomeka, ila aliichomeka kwenye kitabu cha arobaini na nane. Kitabu cha Okey kilibaki na ya zamani.

Aligundua kosa hilo Oktoba, alipokuta kimfuko kimoja kimebeba nyongeza mbili. Alikaa sakafuni, anasema, kwa muda ambao hawezi kuukadiria. Mkuu wake wa wakati huo alimshauri anyamaze: hakuna aliyejua, na muda wa rufaa ulikuwa umekwisha kwa vyovyote.

"Nilimwambia mimi najua," anasema Delphia. "Nikachukua funguo za gari."

Alipanda barabara ya changarawe hadi nyumbani kwa Hamrick akiwa na nyongeza zote mbili kwenye kiti cha pembeni. Alisimama barazani akazionyesha. Okey anakumbuka alichojibu, na gazeti hili haliwezi kukichapa.

"Nilimfungulia mbwa," anaongeza Okey. "Mbwa mwenyewe mpumbavu, akaenda kumlamba mkono."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wakili aliyetafutwa baadaye alihangaika mwaka mzima bila mafanikio. Tressa alikulia kwa watu wengine. Sasa ana miaka ishirini, anaishi Ohio, na tangu afikishe umri wa kuamua mwenyewe huja kila sikukuu ya shukrani, mwezi Novemba, akakaa siku mbili. Siku mbili, kwa mwaka. Okey husema idadi hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja kipimo cha dawa.

Agosti iliyofuata, masanduku yalipofika, Delphia aliinua macho akamkuta Okey amesimama mlangoni. Alivuta kiti, akaketi, akavaa miwani.

"Watu wanapenda kusema nilikuja kumsamehe," anasema. "Nani kasema? Nilikuja kumkagua. Nilimwambia, 'Bibi Cogar, hapa hakitapita kitabu ambacho sijakiona kwa macho yangu.' Nikakaa siku nne."

Miaka sita ya kwanza hawakuzungumza chochote nje ya namba na tarehe. Mwaka wa saba, Okey alipoondoka, aliacha mfuko wa nyanya za bustanini kwake juu ya meza. Hakusema ni za nini. Delphia alizila na chumvi, peke yake, akilia, na hajamficha mtu jambo hilo.

Tangu Okey aketi mezani hapo, hakuna nyongeza hata moja iliyopotea njia.

Jumatano, saa nne asubuhi, ukumbi wa Baraza umejaa hadi watu wanasimama ukutani. Mwenyekiti, Roma Sizemore, anasema hata siku ya mjadala wa maji taka hawakuja wengi hivi.

Pendekezo ni la diwani Garland Tenney, mwenye duka la malisho. Tenney si mtu mbaya, na hoja yake si ya kipuuzi. Mashine za kura zimehifadhiwa chini ya jengo, mahali panapovuja, na mbili zimeshaharibika. "Sheria zote ziko kwenye mtandao," anasema. "Bure. Kwa nini tulinde karatasi tuache mashine zioze?"

Delphia anasimama. "Ni kweli, Garland, mtandao una kila kitu. Shida ni kwamba una kila mwaka pia. Juni alikuja mama mmoja na sheria aliyoichapa kutoka humo. Sheria nzuri kweli, imenyooka. Ya miaka kumi na moja iliyopita."

Ukumbi unacheka. Tenney anakuwa mwekundu masikioni, naye anajibu kwa jambo ambalo huenda alikusudia kuliacha.

"Na karatasi zako je? Kila mtu humu ndani anajua kitabu chako kilimfanyia nini Okey Hamrick."

Kicheko kinakatika. Delphia anashika mgongo wa kiti cha mbele yake na kubaki amesimama. Anafanana na mtu anayesubiri hukumu aliyoitarajia siku zote.

Nyuma ya ukumbi kiti kinakwaruza sakafu.

"Kaa tu, Okey, tutakusikia," anasema Roma Sizemore. "Mapafu yako hayo."

"Mapafu yangu yamekaa tangu asubuhi. Nitasimama." Anavuta pumzi mara mbili. "Garland, umesema kweli. Kitabu kile kilininyang'anya mtoto. Nakijua, ni cha arobaini na tisa, kina doa la kahawa mgongoni. Sasa nikuulize wewe. Huo mtandao wako ukikosea, nani atapanda gari aje mlangoni kwangu kuniambia?"

Tenney anaigeuza kofia yake mezani.

"Nakuuliza kwa sababu huyu alikuja. Aliambiwa anyamaze, akaja. Nilimtukana, nikamfungulia mbwa, na mwaka uliofuata nikamkuta palepale, anachomeka. Mimi nimefanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini na mmoja. Mtu wa kumwamini chini kule si yule ambaye hajawahi kukosea, maana huyo hayupo. Ni yule akikosea anapiga kelele ili wengine watoke. Mmebakiwa na mmoja wa hivyo katika jengo hili. Mkitaka kumweka nje muweke mashine, wekeni. Kura ni zenu."

Anaketi. Kikohozi kinamshika.

Tenney anapigia kura pendekezo lake. Sizemore anapinga. Diwani wa tatu, ambaye kwa miaka sita hajawahi kwenda kinyume na Tenney, naye anapinga. Chumba kitabaki kwa mwaka mmoja, nyongeza za mwakani zitanunuliwa, na mashine zitahamia ukuta wa nyuma wa chumba hichohicho.

"Tutabanana," anasema Delphia akitoka. "Nimeshakaa na mawakili. Mashine zitanishinda nini?"

Mlangoni anamkuta Tenney akimsubiri, kofia mkononi. "Sikupaswa kulisema lile," anasema Tenney.

"Ungeacha kulisema lingebaki kweli vilevile," anamjibu. "Njoo Agosti usaidie kusoma namba. Macho unayo."

Hatanii. Huo ndio mpango wake. Mwakani atatimiza miaka sitini na mitano, na anataka kabla hajastaafu apate watu watatu wanaoweza kukaa mezani na kusoma tarehe kwa sauti bila kuona haya. Wawili wamejiandikisha leo kwenye ngazi za ukumbi. Anataka pia *Yaliyobadilika* ifike kwenye vituo vyote tisa vya wazimamoto, hata kule milimani ambako simu hazishiki. Mwaka mmoja haumtishi. "Sheria zenyewe zinapewa mwaka mmoja mmoja," anasema. "Kwani mimi ni nani?"

Saa nane mchana wamerudi chumbani. Kimebaki kitabu kimoja, kile chenye doa la kahawa mgongoni, ambacho kila mwaka Delphia hukiacha cha mwisho. Anachomoa ya zamani. Anachomeka mpya. Anakisukuma.

Okey haangalii tarehe tu. Anafunua hadi kifungu anachokijua, anakifuatisha kwa kidole.

"Bado ni thelathini," anasema.

"Bado ni thelathini."

Anafunga jalada. "Mwaka huu."

Delphia hatii alama. Anasukuma daftari na kalamu upande wa pili wa meza. Okey anavitazama, kisha anamtazama yeye. Kwa miaka kumi na minne hajawahi kuigusa kalamu ile. Anaichukua, anainama, anatia alama ya mwisho, polepole.

"Umeisikia?" anauliza.

"Nimeisikia," anasema Delphia.