Mahindi ya Upande wa Mke

Itangazwe kwa wote wenye majembe, na hata kwa wale wanaoyaona kwenye picha tu, kwamba sayansi imeshuka. Imeshukia nyuma ya choo cha fundi pikipiki mmoja aitwaye Fasta, ambako ubishi kati ya mbolea ya kawaida na mbolea yenye ganda ungemalizwa rasmi, chini ya hema moja na mbele ya kipaza sauti kinachokoroma.

Jina la Fasta alipewa na wateja, maana alikuwa akikaza boliti kabla hujamaliza kueleza ugonjwa wa pikipiki, na mara nyingine alikaza isiyohusika. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kufumua gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Walivyodumu katika nyumba moja bila kutoana macho, hilo nalo lilistahili kufanyiwa utafiti.

Bwana shamba aliwaletea mifuko miwili.

"Hii ni urea mnayoijua. Ikipata maji inayeyuka palepale. Mahindi yanakula yanachoweza, kinachobaki kinapeperuka au kinasombwa na mvua. Hii nyingine ni urea hiyohiyo, ila kila punje imevikwa ganda. Inatoka kidogo kidogo msimu mzima. Unaweka mara moja, basi."

"Mbolea iliyovaa koti!" Fasta akasema. "Na miwani umeisahau ofisini?"

"Hiyo ndiyo yangu," mkewe akadakia. "Nimechoka kuishi na vitu vya haraka."

Wakaligawa shamba kwa uzi wa cherehani, nusu ya mume na nusu ya mke, wakapanda.

Mahindi yalipoanza kuchipua, uvimbe tumboni mwa yule mama ulikuwa umeshamwondoa kwenye cherehani. Binti yao alirudi nyumbani kumuuguza, na kitanda kikasogezwa dirishani, pale shamba linapoonekana lote.

"Baba, mahindi yangu yameamkaje?" mgonjwa alimuuliza mumewe kila asubuhi.

"Yako yana rangi ya chai ya hospitali. Yangu yameshaanza kubalehe."

"Wewe subiri."

"Nasubiri, mama. Wenye makoti huwa mnachelewa kutoka ndani."

Alicheka huku ameshika tumbo. Hadi asubuhi moja hakucheka. Aligeukia ukutani.

"Labda nilikosea," akasema.

Neno hilo Fasta alikuwa amelisaka katika ndoa yake tangu siku ya kwanza. Alipolipata hakujua aliweke wapi.

Uani, binti akamwambia kwa sauti ya chini walichosema madaktari: mama hatayaona mavuno. Basi siku binti alipompeleka mama kliniki, Fasta alichota urea iliyobaki kwenye mfuko wake, akavuka uzi. Alipita mstari kwa mstari, akichimba kando ya kila shina na kufukia. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya polepole. Mvua ikanyesha jioni hiyohiyo.

Haukupita muda, upande wa mke ukakoza kijani hadi ukaelekea weusi. Mgonjwa akataka ainuliwe kwenye mito.

"Njoo hapa, bwana haraka! Nani ana rangi ya chai sasa?"

"Umenishinda, mke wangu."

"Rudia, mtoto asikie."

"Umenishinda."

Kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa dirisha kwanza, dawa baadaye. Alifariki akiwa mshindi, kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Baada ya mazishi mvua zikaja kwa hasira. Upande wa Fasta ukaanza kuwa njano kutoka majani ya chini, chakula chote kimesombwa. Upande wa mke haukuyumba. Fasta akachuchumaa katikati ya mistari ya mkewe, akafukua udongo kwa vidole. Akakuta vile viganda: vidogo, laini, ndani maji matupu. Mbolea ilikuwa imetoka yote kimyakimya, kama ilivyoahidi.

Ndipo akili ilipomjia, na ilimjia kwa kuchelewa. Urea aliyoimwaga upande ule si ingekuwa imesombwa pamoja na yake? Basi huenda mke alikuwa anashinda mwenyewe, kihalali. Huenda mahindi yake yalibakiza siku chache tu kukoza, na mumewe hakumwamini kiasi cha kuzingoja. Au huenda sivyo. Aliinuka haraka kwenda kumwambia mkewe, akafika dirishani, akaona kitanda kimeshafunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani.

Siku ya wageni, ile ya hema na kipaza sauti, ikafika. Bwana shamba alizungumza hadi watoto wakalala chini ya hema, kisha akamshika Fasta mkono kama bwana harusi.

"Wapendwa, majani mmeyaona kwa macho yenu! Sasa mkulima wetu wa mfano atutamkie mwenyewe: mbolea ipi imeshinda?"

Kusema "ya mke wangu" kungetosha. Wangepiga makofi, na binti, aliyekaa mstari wa mbele na kanga ya mama yake mabegani, alikuwa ameshaiweka mikono tayari. Lakini neno hilo Fasta alishalisema akiwa mwongo, na leo, lilipokuwa huenda ni kweli, hakuthubutu kulirudia. Akakisogeza kipaza sauti.

"Sijui," akasema. "Upande wake nilimwagia urea yangu."