Koseti ya Fundi Makochi

Mjomba wangu ameshona makochi miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna kochi hata moja lililomjibu. Shida ilianzia hapo. Mtu akizoea wateja wasiopumua, anasahau kwamba kuna viumbe wanaopumua. Mimi ni mmojawapo, na ushahidi ninao mbavuni.

Mtaani wanamwita Springi. Si kwa wepesi, maana akiinama kuokota sindano anaomba kwanza msaada wa ukuta. Ni kwa sababu ukimgusa kidogo tu anaruka. Mwambie mto umekaa upande, atakueleza kosa ni la makalio yako. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu: chumba kimoja cha bati, sponji mpaka darini, cherehani nzito ya kushonea turubai, na makochi mawili ambayo wenyewe hawajarudi kuyachukua tangu nikiwa darasa la sita. Siku hizi watu wananunua makochi ya dukani, yale yanayokuja yamefungwa nailoni. Ndani ya mwaka yanavunjika, sawa, lakini yanavunjika yakiwa yanapendeza.

Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alishaona mbali. Akamtafutia kazi ya ulinzi kwenye duka hilohilo la makochi ya nailoni. Sare ikaletwa, shati na suruali za kaki nzito, mgongoni imeandikwa ULINZI kwa herufi za kuonekana kutoka angani. Ikatundikwa kwenye msumari mle karakana, ikawa inamtazama. Alitakiwa kuripoti Jumatatu.

"Mdogo wangu, kazi ni kazi," Mama alimwambia.

"Dada, unataka niyafungulie mlango makochi yaliyoninyima kula?"

"Utafungulia watu. Makochi hayatembei."

Sasa wiki hiyohiyo akaja Bibi Mavazi, yule mama anayevalisha kundi la maigizo pale ukumbini. Alikuja kutafuta uzi mgumu, basi. Akasema wana mchezo wa malkia wa zamani na anahitaji koseti saba, zile nguo za kubana kiwiliwili, zina vyuma vyembamba ndani na kamba mgongoni. Fundi wake alihama. Akauliza kama Mjomba anamjua mtu.

"Unaongea naye," Mjomba akasema.

Nilikuwa mlangoni. Nilimwangalia mtu ambaye hajawahi kushona hata kola. Hakupepesa jicho.

Bibi Mavazi akamwambia alete moja Ijumaa, ya malkia. Ikipita, sita zilizobaki ni zake, na kazi nyingine za ukumbini pia. Isipopita, basi. Kwa maneno mengine: koseti, au kufungulia watu mlango. Malkia mwenyewe alikuwa safarini mpaka Ijumaa, kwa hiyo Bibi Mavazi akanitazama juu mpaka chini, akasema umbo ni hilihili. Hivyo ndivyo nilivyopata ajira bila kuomba.

"Lakini kwanza ushone ya majaribio," akasema akiondoka. "Kitambaa chochote kigumu. Mtu aivae, urekebishe, ndipo ukate ya kweli."

"Bila shaka, mama."

Alipofika tu barabarani, Mjomba akanigeukia. "Majaribio ni ya wasiojua."

Na yeye alijua, maana alishatazama video mbili, moja hadi mwisho. Zilikuwa za lugha asiyoielewa, lakini eti yeye anasoma mikono.

Akafungua boksi la friji, akalilaza chini, akaanza kuchora vipande kumi na viwili, sita kushoto, sita kulia. Kabla ya hapo, vipimo.

"Simama wima. Usipumue."

"Mjomba, nitapumua lini?"

"Ukishapimwa."

Akanizungushia futi akaivuta kama anafunga mzigo juu ya lori. Akaandika. Halafu akakumbuka kwamba kwenye video koseti huwa ndogo kuliko kiuno cha anayeivaa, akapunguza tena upana wa vidole vinne. Kwa hiyo nilipunguzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa pumzi, mara ya pili kwa hesabu. Aliyebaki kwenye ile karatasi sikumjua. Labda angekuwa nyigu.

Vile vipande vikishakatwa vinafanana kama mapacha, ndiyo maana watu wenye akili huviandika namba. Mjomba aliandika pia, kwa chaki. Tatizo ni kwamba fundi makochi akimaliza kitu lazima akipige kofi. Ndiyo saini yake, anapima ugumu na kutoa vumbi. Akavipanga vipande vyote mezani, akaviangalia kwa fahari, akavipiga pa, pa, pa. Namba zote zikaruka na vumbi.

Akashona kwa kumbukumbu. Jumanne jioni kipande cha tatu kulia kilikuwa kichwa chini miguu juu, na mimi ndani yake nilikuwa nimeinama upande kama mtu anayemsikiliza jirani kupitia ukuta.

"Umesimama vibaya," Mjomba akasema.

Nikamwonyesha kwenye kioo. Akakifumua bila neno, na kwa Springi, kukaa kimya ni sawa na kukiri mahakamani.

Vyuma alivipata jalalani nyuma ya duka la makochi ya nailoni, ile mikanda bapa ya kufungia makasha. Akaikata, akaisugua ncha kwa tupa, akaisukumia ndani kutoka kifuani mpaka chini ya nyonga. Turubai yake yote nzuri ikaishia humo. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: mshono ulikuwa umenyooka, na vijicho vya kupitishia kamba vilikaa imara kama vimezaliwa hapo. Jumatano akanivalisha, akavuta kamba, goti lake mgongoni mwangu.

"Mjomba, siwezi kukaa."

"Malkia hakai ovyo."

"Ana kiti cha enzi."

"Kile ni pambo tu." Akanipiga kofi mgongoni, pa. "Ngumu. Hii ndiyo kazi."

Nikajipiga picha kwa simu nikaitupa kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu akajibu kwa sekunde tatu: nani kamfunga huyo mtoto kwenye kasha? Shangazi akaweka nyuso kumi na moja za kulia kwa kicheko. Mjomba akaandika chini yake kwamba wivu ni ugonjwa.

Ijumaa tukaenda ukumbini. Malkia akaivaa, na jamani, aliposimama alisimama. Waigizaji wote wakageuka. Bibi Mavazi akapitisha kidole kwenye vijicho, akavuta kamba, akageuza pindo.

"Mshono mzuri," akasema.

Mjomba akanitupia lile jicho la umeona.

"Sasa kaa."

Malkia akasogea kwenye kiti, akakunja magoti. Vyuma vya mbele vikagonga mapaja vikapanda mpaka kidevuni, vya nyuma vikaukataa mgongo wa kiti, naye akateleza taratibu kama ubao ulioegemezwa vibaya, akabaki amelala kiti kizima, macho kwenye taa.

"Naomba mtu aniinue," akasema kwa sauti ndogo.

Bibi Mavazi alingoja mpaka akainuliwa. Kisha akamgeukia Mjomba. "Kwani wewe siku zote unashona nini?"

Mjomba akaangalia sakafu. "Makochi."

"Yaani vitu vya kukalia."

"Ndiyo, mama."

"Na umeniletea nguo isiyokaa."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo ilipouma. Hata mimi, ambaye nimeisubiri siku ya namna hiyo tangu nijue kuongea, simu yangu ilibaki mfukoni.

"Ile ya majaribio ulishona?"

Mjomba akatikisa kichwa.

"Jumatatu asubuhi uniletee ya majaribio. Nimwone mtu amekaa ndani yake. Ukija mikono mitupu, nina fundi mwingine."

Nyumbani Mama alisikia yote akajumlisha kwa njia yake: Jumatatu ni siku ya kuripoti, Mungu ameshasema. Jumamosi asubuhi nikamkuta Mjomba kwenye mojawapo ya yale makochi ambayo wenyewe hawakurudi, anazungusha macho chumbani. Turubai imekwisha. Kilichobaki ni sponji na nyuzi. Kitambaa kigumu mle ndani kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kwenye msumari.

Akanyanyuka, akashika mkasi.

"Mjomba, hiyo si yako."

"Maji nimeshayavulia nguo, mpwa wangu. Ngoja nikate."

Alianza na suruali. Mama aliisikia sauti ya mkasi kutoka jikoni, maana kaki nzito inalia. Akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, hiyo ni sare ya watu."

"Ilikuwa, dada."

Mama akajitupa kwenye kochi, mkono shavuni, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikadhani ataondoka. Akakaa pale akimtazama anavyonizungushia futi nikiwa wima kama mlingoti, mpaka uzalendo ukamshinda.

"Basi huyo mtoto si umpime akiwa amekaa, wewe mtu wa viti."

Mjomba akasimama na futi yake hewani. Akavuta kigoda. "Kaa. Pumua."

"Nipumue kabisa?"

"Pumua kama unavyopumua ukisengenya."

Safari hii namba aliandika kwa kalamu ya wino. Vyuma akavikata vikaishia juu ya nyonga. Jumapili mchana nilikuwa ndani ya koseti ya kaki, herufi za ULINZI zimetawanyika, moja kwapani, nyingine kitovuni, na nimekaa. Mjomba akainua mkono anipige kofi lake. Mkono ukaishia njiani, ukashuka.

"Inakubana wapi?" akauliza.

Miaka ishirini na sita, hajawahi kumuuliza hivyo mteja yeyote.

"Tafuta karatasi," nikamwambia. "Orodha yangu imeanzia Jumatano."

Akaitoa penseli sikioni akaandika yote, hata yale niliyoongeza kwa kumkomoa.

Jumatatu Bibi Mavazi aliniamuru nikae, nisimame, nikae tena, niokote chaki chini. Akamwangalia Mjomba. "Ile ya malkia uifupishe vyuma. Zilizobaki sita, upime kila mtu amekaa," akasema, akaenda zake. Mama akapeleka habari dukani kwamba sare imepata ajali.

Na sasa ndiyo hatupumui kwa namna nyingine. Ana kibao kipya mlangoni, MAKOCHI NA KOSETI, na anatembea kama aliyezivumbua zote mbili. Ukikaa kwenye kochi lake lolote, hata ukiwa umepita tu kuomba chumvi, anakuja na penseli anakuuliza linakubana wapi.