Jiwe Halina Wakwe

Mimi si mtu wa kukata tamaa, ila ni mtu wa kutukana vyuma. Ijumaa ile waya wa gia ulipokatika nikipanda kilima cha kutoka Butali, niliitukana baiskeli yangu ya mbio kwa lugha tatu, nikashuka, nikaikokota hadi nyumbani kati ya matrekta ya miwa. Dereva mmoja akanipigia kelele, "Dada, hiyo imechoka kuliko wewe!" Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa, maana mama mkwe anaweza kusomewa.

Nilikuwa na sababu ya kuwaka. Nikiwa mwanafunzi Bukura niliendesha mbio, na nilikuwa mzuri, sioni haya kusema. Kisha nikaolewa, nikapata mtoto, baiskeli ikalala darini miaka mitano. Niliporudi kuipanda, boma zima lilinuna. Mke wa mwana, na suruali ya kubana, mguu huku na mguu kule, mbele ya baba mkwe! Mume wangu anafanya kazi Nairobi. Alizungumza na baba yake kwa simu mara nyingi mpaka wakapatana: niende mchujo wa timu ya wanawake mara moja tu, Jumamosi ile, kutoka mjini Kakamega hadi Buyangu na kurudi. Nikichaguliwa, niendelee. Nikikosa, baiskeli iuzwe na nisiulize tena. Nilikubali. Sasa ilikuwa Ijumaa saa nane mchana na gia hazishiki.

Kwetu, mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mikono. Hawaketi benchi moja. Akitaka kunipa kitu anakiweka chini, anaondoka, ndipo nami nakiokota. Nikitoka na baiskeli nilikuwa navaa leso juu ya suruali, naikokota hadi nje ya geti, nafunga geti, natundika leso kwenye ua, ndipo napanda. Tukikutana barabarani mzee alikuwa anageuza uso akatazama miwa. Hakuwa ananichukia. Ndiyo heshima yenyewe, na hata mimi nililelewa nayo.

Mama mkwe alikuwa ameenda matangani na mtoto wangu tangu asubuhi. Nyumbani tulibaki wawili, mimi kwenye baraza ya jiko langu, mzee kwenye baraza yake, hatua kama ishirini kati yetu, redio mapajani mwake. Mzee huyu alikuwa fundi wa baiskeli kando ya barabara kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini za kwake zilikuwa zile nyeusi nzito za kubebea watu na magunia, zisizo na gia hata moja.

Niliining'iniza baiskeli kwenye boriti kwa kamba. Nilikuwa na waya mpya mmoja tu, niliouhifadhi tangu Bukura. Shida ya kwanza ilikuwa kichwa cha waya wa zamani, kidude kama punje ya mtama, kilichobaki ndani ya mkono wa gia. Nilichokoa kwa pini ya nywele, nikachokoa kwa ncha ya kisu. Wapi! Nikachukua nyundo nikaanza kugonga.

Redio ikazimwa.

"Nani anapiga chuma hivyo?" mzee akaiuliza miwa.

"Ni mimi, baba."

"Chuma hakipigwangi kama nyoka. Mama yako ana ile sindano yake ya vitambaa, yenye ndoano. Tumia hiyo."

Nilikimbia kuichukua sindano ya krosheti ya mama mkwe. Nikabonyeza mkono wa gia mpaka mwisho, nikaingiza ndoano, nikazungusha polepole, na kile kichwa kikaruka kikaangukia ndani ya sufuria. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Nilishika waya mpya nikausukuma kwa pupa, ukakwama mahali penye kona, nikasukuma tena. Nilipouvuta nje, ncha yake ilikuwa imefumuka, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kulala.

"Woi!"

"Umeuharibu?"

"Umefumuka, baba."

Akaitazama redio mapajani. Nami nikafikiria, na ninakiri nilifikiria vibaya: mzee huyu akikaa kimya tu, ameshinda. Waya ukikataa, baiskeli inauzwa, na hakuna atakayemlaumu. Nilikuwa tayari kuuvuta kwa meno.

"Waya haulazimishwangi," akasema. "Unabembelezwanga. Kata ncha kidogo tu. Washa mshumaa, udondoshee nta, uisokote na vidole ikiwa bado moto. Itakuchoma. Vumilia."

Ilinichoma kweli. Nilivumilia. Nta ilipokauka, ncha ilikuwa imara, na waya ukapita kwenye kona zote, ukatokea nyuma karibu na kile chuma kinachosogeza cheni.

Hapo ndipo nilipohitaji mkono wa tatu. Waya lazima uvutwe ukaze wakati ule ule skrubu inafungwa, na koleo lilikuwa linateleza kila nikigusa spana. Nilijaribu mara nne. Mara ya tano nilivuta kwa meno, haki ya Mungu, na bado ukalegea. "Baba, njoo unishikie" ilinifika kwenye ulimi, nikaimeza. Tungeshika waya mmoja, uso kwa uso, mimi nimechuchumaa na suruali ile. Nikakaa chini nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Nilisikia kiti chake kikilia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jiwe la ukubwa wa ngumi alilolifunga kamba. Akafika katikati ya uwanja, akaliweka chini, akarudi kwake bila kunitazama.

"Lifunge kwenye ncha ya waya, uliache lining'inie. Lenyewe litavuta. Jiwe halina wakwe."

Nililifunga. Jiwe likavuta, mikono yangu yote miwili ikabaki huru, nikakaza skrubu mpaka vidole vikaniuma. Kisha nikazungusha pedali kwa mkono nikibadilisha gia, na mzee akasikiliza. Hakuwahi kugusa gia maishani, lakini cheni aliijua kwa sikio. "Hapo inakwaruza," anasema. "Kaza kidogo. Umepitisha. Rudisha." Tuliendelea hivyo mpaka jua likaegemea upande wa miwa. "Basi," akasema, akafungua redio.

Jumamosi alfajiri niliikokota baiskeli na leso yangu hadi nje kama kawaida, nikafunga geti. Kuhusu mbio sitasema mengi. Kwenye kilima cha kurudi kutoka Buyangu nilibonyeza gia mara tatu, na mara tatu ilishika, nikawapita wasichana wawili ambao wangeweza kuniita shangazi. Walichukua sita. Mimi nilikuwa wa sita.

Sikumpigia mtu simu. Nilitaka kusema mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yao. Lakini nilipofika nyumbani niliona geti limeachwa wazi kabisa, limefungwa kwenye nguzo kwa kipande cha waya wangu uliokatika, kimesokotwa vizuri, kisifunguke hata upepo ukija. Hakuna aliyekuwa amejua kama nimechaguliwa au nimekosa.

Nilishuka kwa mazoea, nikanyoosha mkono kuchukua leso kwenye ua.

"Nani amekuambia ushuke?" mzee akaiuliza miwa.

Nilipanda. Niliingia bomani nikiendesha, na suruali yangu, na machozi mpaka kidevuni, nikapita mbele ya baraza yake.

"Gia ya nne bado inakwaruza," akasema. "Jumatatu tutairekebisha."